Akitaka kutengeneza modi, aanze na udongo

Kijana wako anacheza Minecraft ya kompyuta, toleo la Java, na sasa anataka kuibadilisha, yaani kuitengenezea modi? Usimkalishe kwenye kuandika kodi siku ya kwanza. Atachoka kabla hajaona kitu. Mpe picha kwanza.

Udongo wa mchezo ule ni faili moja, dirt.png, yenye pikseli 16 kwa 16 tu. Hata Paint inatosha kuichora upya. Ndani ya folda ya resourcepacks atengeneze folda yake, ambayo ndiyo pakiti, aweke humo faili la pack.mcmeta linaloitambulisha pakiti kwa mchezo (namba inayoandikwa ndani yake hutegemea toleo la mchezo), kisha picha yake aiweke humo humo kwenye assets/minecraft/textures/block. Akishaiwasha pakiti kwenye mipangilio, kila akibadilisha picha abonyeze F3 na T kwa pamoja: udongo unabadilika palepale, bila kufunga mchezo. Wa kwangu aliupaka waridi, akacheka nusu saa.

Ikigoma, angalia majina kabla ya kumlaumu mtoto. Yawe herufi ndogo tupu, na Windows hupenda kuficha .txt mwishoni, kwa hiyo faili linakuwa pack.mcmeta.txt bila nyinyi kujua. Mwache alitafute kosa mwenyewe kwanza.