Kabla ya kusaini mkopo wa nyumba ambao mjenzi ameahidi kuulipia riba

Ofa yenyewe huvutia: nyumba bado iko kwenye michoro, wewe unatoa kianzio kidogo, benki inalipa kinachobaki, na mjenzi anabeba riba mpaka siku utakayokabidhiwa funguo. Kabla hata ya kuuliza bei, jua hili: mkopo ni wako. Mjenzi ameahidi tu kukulipia kwa muda, na siku akiacha, benki itakudai wewe.

Yamewakuta wanunuzi wengi India, hasa Noida na Gurugram, kandokando ya Delhi. Benki ziliwapa wajenzi fedha, wajenzi wakaacha kulipa riba, ujenzi ukasimama, na watu ambao bado wanalipa kodi ya pango wakaanza kudaiwa marejesho ya nyumba ambazo hazijasimama. Mwaka 2019 Benki ya Taifa ya Nyumba ya huko ilizitaka kampuni za mikopo ya nyumba ziachane na mipango hiyo. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikazuia kwa muda wanunuzi wasichukuliwe hatua kali, na 2025 ikaagiza uchunguzi wa jinai kuhusu wajenzi na benki. Kwa wengi, nafuu hiyo ilikuja wakiwa wameshasumbuliwa kwa miaka.

Kwa hiyo, anza na mkataba wa pande tatu, ule unaosainiwa na wewe, benki na mjenzi. Usitosheke na kipeperushi wala maneno ya ofisa mauzo. Tafuta kifungu kinachosema kwamba wajibu wa mkopaji kulipa hautaathiriwa na mgogoro wowote kati yake na mjenzi. Mara nyingi kimo, na kimefichwa katikati ya maneno mengine. Kikiwepo, ahadi ya mjenzi haikukingi mbele ya benki hata kidogo. Angalia pia ahadi hiyo inaishia wapi: “mpaka makabidhiano” na “kwa miezi 24” ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu ujenzi ukichelewa, miezi haisubiri.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni namna fedha zinavyotoka benki. Mwaka 2013 Benki Kuu ya India iliziagiza benki zitoe mkopo kulingana na hatua za ujenzi, si kumkabidhi mjenzi fedha zote mapema. Dai utaratibu huo popote ulipo: msingi ukimalizika, sehemu yake, ghorofa zikipanda, sehemu nyingine, na kila malipo yasitoke bila idhini yako ya maandishi. Kisha nenda kwenye kiwanja mwenyewe kabla ya kutoa idhini. Fedha ambazo hazijatoka hazikutozi riba.

Piga hesabu ya siku mbaya. Mkopo wa 10,000,000 uliotoka wote, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, ni riba tupu ya 75,000 kila mwezi. Je, unaweza kuilipa huku ukilipa pango? Kama huwezi, mkopo huo ni mkubwa kwako, hata kama leo hulipi kitu.

Chunguza sheria inakupa nini. Ya India ya 2016 inamtaka mjenzi aweke asilimia 70 ya fedha za wanunuzi kwenye akaunti maalumu, na inakuruhusu kudai fedha zako pamoja na riba akishindwa kukabidhi nyumba kwa wakati. Uliza kama kwenu kuna kinga ya namna hiyo, na kama mradi umesajiliwa.

Mkopo ukishaanza, omba taarifa yake benki kila mwezi. Riba ya kwanza isipolipwa, waandikie mjenzi na benki siku hiyohiyo, tunza nakala, na umwone mwanasheria kabla ya kuamua kugoma kulipa. Kugoma kimyakimya huchafua rekodi yako ya mikopo, si ya mjenzi.