Somo: Makaratasi ya kazi Arizona, nani anaruhusiwa kukuuliza nini

Wiki hii nimeulizwa tena: "Jimbo linaweza kunitoa kazini?" Tuanze hapo. Uhamiaji Marekani ni jambo la serikali kuu. Sheria ya 1986 iliyazuia majimbo kuwaadhibu waajiri wa watu wasio na kibali, isipokuwa kupitia leseni. Arizona ikapita kwenye mwanya huohuo. Sheria yake ya 2007 inamtaka kila mwajiri ahakiki waajiriwa wapya kwa E-Verify, mfumo wa mtandaoni wa serikali kuu wa kuhakiki kibali cha kazi, na anayeajiri asiye na kibali huku akijua anaweza kusimamishiwa leseni ya biashara. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sawa. Kwa hiyo ukimwona bosi anahangaika na karatasi zako, anaokoa leseni yake.

1. Jaza sehemu yako ya I-9, fomu ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, mwisho siku ya kwanza ya kazi.

2. Ndani ya siku tatu za kazi, onyesha vitambulisho. Unachagua wewe! Kadi ya ukaazi wa kudumu au kadi ya kibali cha kazi inatosha peke yake. Leseni ya udereva ikiambatana na kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security) isiyo na maandishi ya masharti, nayo inatosha. Bosi anayesema "mimi nataka kadi ya ukaazi tu" anavunja sheria, hata kama anasema kwa tabasamu.

3. Bosi anaingiza taarifa kwenye E-Verify. Anafanya hivyo ukishakubali kazi. Kuwachuja waombaji kwa mfumo huo hairuhusiwi.

4. Mfumo ukisema taarifa hazilingani, usikimbie. Hapa ndipo wenzetu wengi wanaumia bure. Shabani kadi moja, Shaaban nyingine. Jina la babu limegeuzwa la ukoo kule kambini. Bosi akuambie faragha na akupe notisi. Ukisema unapinga, una siku 8 za kazi za serikali kuanza kulishughulikia kwenye ofisi iliyotajwa. Shauri likiwa wazi, bosi hana ruhusa ya kukufukuza wala kukupunguzia saa kwa sababu hiyo.

MASWALI

Dada, mimi mkimbizi, nimefika juzi, nina I-94 tu, ile rekodi ya kuingia Marekani.
Ikiwa ina alama ya kuingia kama mkimbizi, inakubalika kwa siku 90. Tafuta vile vitambulisho vya hatua ya 2 mapema, siku hizo zinakwisha upesi.

Binamu kaniazima namba yake ya hifadhi ya jamii. Kuna shida?
Kubwa, ndugu yangu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliiruhusu Kansas kuwashtaki watu waliotumia namba za wengine kwenye fomu za kodi kazini. Hapo jimbo linakushtaki kwa wizi wa utambulisho, wala halihitaji sheria ya uhamiaji. Mrudishie, kisha umwone mwanasheria.

Kutafuta kazi bila kibali ni jinai Arizona?
Jimbo lilijaribu mwaka 2010. Mahakama ikakifuta kifungu hicho 2012.

Na polisi barabarani, shikamoo dada?
Marahaba. Kifungu cha polisi kwenye sheria hiyohiyo ya 2010 kilibaki. Akikusimamisha kihalali na ana sababu ya msingi ya kushuku, anaweza kuuliza hali yako ya uhamiaji. Ila mahakama ilionya kwamba kumshikilia mtu kwa ukaguzi huo peke yake kunaleta utata wa kikatiba. Lugha pekee haitoshi kuwa sababu. Ongea Kiswahili chako.