Kuchora kijiji kwenye jua: anza na vivuli

Picha nyingi za vijiji utakuta mtu kamwaga njano kila mahali akijua ndo jua, alafu picha nzima imefubaa. Jua linaonekana kwa sababu ya kivuli kilicho pembeni yake, kwa hiyo vivuli ndo vinaanza.

Nachukulia mfano vijiji vya Usambara huku juu ya Lushoto: udongo mwekundu, migomba, mabati, nyumba zimeegemea mlima.

Hatua ya 1: nenda saa mbili asubuhi au subiri saa kumi jioni. Saa sita jua liko utosini, kivuli kinajikunja chini ya paa na kijiji kinakuwa bapa kama sahani.

Hatua ya 2: paka kanvasi yote kahawia nyekundu ya majimaji, iache ikauke. Huna hela ya kanvasi? Wamba merikani kwenye fremu upige emalsheni nyeupe mara mbili. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 alichorea vibao na rangi za baiskeli, kwa hiyo vifaa visikuzuie.

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka: finya macho mpaka uone mwanga na giza tu, alafu weka vivuli vyote ndani ya dakika kumi kwa brashi pana, bluu ya altramarini na kahawia kidogo, nyeusi usiiguse kabisa maana inaua picha, na ukishaviweka usivifukuze tena, jua linahama na we ukihama nalo utaishia na kijiji chenye majua matatu.

Hatua ya 4: migomba. Jani likiwa na jua nyuma yake linawaka njano-kijani, lakini jua likilipiga usoni linang'aa kibluu-bluu kwa sababu linarudisha rangi ya mbingu. Changanya mwenyewe, kijani cha tyubu kikali mno. Acha ile nyekundu ya chini ichungulie katikati ya majani, hapo ndo picha inaanza kupumua yaani.

Hatua ya 5: milima ya nyuma bluu nyepesi, watu mkupuo mmoja mmoja wa brashi.

Hatua ya 6: bati. Chota nyeupe nzito na tone la njano kwa kisu cha kupakia rangi, buruta mara moja juu ya paa moja tu lile linalokuumiza macho. Mapaa mengine yape kutu na kijivu. Ukiona mkono unataka paa la pili, osha kisu.