Namna ya kuliandika neno "bara" ili msomaji asipotee

Mtu aliyesimama mjini Lamu akanyoosha kidole upande wa Mokowe, ng'ambo ya mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa, na kusema "kule ni bara" amesema kweli, na mwenzake anayewaaga jirani zake kwamba kesho anasafiri kwenda bara, akiwa na tikiti ya basi la Nairobi mfukoni, naye amesema kweli. Anayeandika tangazo, ripoti au makala hana kidole cha kunyoosha wala tikiti ya kuonyesha. Ni lazima maneno yake yenyewe yaonyeshe ni bara gani analolikusudia, na kwa sisi tunaoandika kutoka Lamu kazi hiyo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa maana karibu zote za neno hili hutumika kila siku.

Kabla ya kuandika, jiulize kwanza bara hilo linatofautishwa na nini. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya nchi kavu, kinyume cha bahari, na mpaka leo hupata maana yake kutokana na kile kilicho upande wa pili. Kwa mkaazi wa Lamu, Pate au Manda, kilicho upande wa pili ni kisiwa chake, na kwa hiyo bara ni Mokowe, Hindi, Mkunumbi, Witu na mashamba yaliyoko huko. Mkaazi wa Malindi, ambaye mji wake haumo kisiwani, huwa anaitofautisha bara na pwani nzima, na kwake bara ni Nairobi, Nakuru na Kisumu. Mtu wa Lamu anazo maana zote mbili, na huweza kuzitumia katika mazungumzo yale yale bila mwenyeji mwenzake kutatizika.

Katika maandishi mambo hubadilika. Tuseme tangazo linasema: "Dawa zitapelekwa vituo vya bara kuanzia Jumatatu." Muuguzi aliyeko Hindi atajitayarisha kuzipokea, ilhali dereva anayelisoma akiwa Mombasa ataelewa kwamba safari ni ya kuelekea Nairobi. Dawa ya utata huo ni kutaja mahali: "Dawa zitapelekwa vituo vya Mokowe, Hindi na Witu kuanzia Jumatatu." Orodha ikiwa ndefu mno, andika "vituo vya Kaunti ya Lamu vilivyo nje ya visiwa". Sentensi itarefuka kidogo, lakini katika tangazo linalohusu dawa, maji au nauli, naona urefu huo ni haki ya msomaji. Wala usidhani kwamba kutaja Lamu peke yake kunatosha, kwa kuwa Lamu ni mji, ni kisiwa na ni kaunti pia. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, iko Kililana, upande wa bara, na msomaji wa mbali akiambiwa kwamba mzigo wake utashushwa bandari ya Lamu anaweza kuufuata kisiwani, mbele ya mji wa kale.

Ukiandika habari za Tanzania, weka kando mazoea ya hapa. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na sehemu iliyokuwa Tanganyika sasa huitwa Tanzania Bara. Hilo ni jina la kisheria na kiutawala, halipimwi kwa maji. Mafia ni kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, lakini kimo Tanzania Bara, kwa kuwa ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Na Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ni vivyo hivyo. Mtu wa Bagamoyo, ambaye sisi tungemhesabu kuwa mpwani mwenzetu, kwa Mzanzibari ni mtu wa bara. Kwa hiyo andika jina zima, "Tanzania Bara", kwa herufi kubwa zote mbili, kila unapoikusudia.

Maana ya bara la dunia ndiyo nyepesi kuilinda, kwa sababu sarufi inasaidia. Neno hufuatwa na "la" na jina: bara la Afrika, bara la Asia. Wingi wake ni mabara, na wingi huo hautumiki kwa Mokowe wala kwa Nairobi. Ukitumia "barani", ongeza jina papo hapo, yaani "barani Afrika", maana "barani" pekee hapa kwetu huweza kueleweka kuwa ng'ambo ya mkondo. Kumbuka pia kwamba bara katika maana hii hubeba visiwa vyake: Komoro, Shelisheli na Madagaska zimo katika Umoja wa Afrika wenye nchi wanachama 55, na ni sahihi kabisa kuandika kwamba ziko barani Afrika. Bara Hindi ni jina la pekee, huandikwa bila "la", na linahusu eneo lote la India, Pakistan na Bangladesh. Usilitumie ukikusudia nchi ya India peke yake.

Palipobaki ni pagumu kuliko pote, nako ni kuwaita watu kwa neno hili. Mtu aliyezaliwa Mpeketoni na wazazi waliohamia kutoka Kiambu au Murang'a anakaa bara kwa maana ya kisiwani, na bado huenda akaitwa mtu wa bara kwa maana ya mgeni, ingawa ni mzaliwa wa Kaunti ya Lamu. Maana hizo mbili zikichanganywa katika ripoti ya ardhi au ya ajira, msomaji hawezi kujua kama mwandishi ametaja makao ya mtu au amemnyima wenyeji. Andika "wakaazi wa Mpeketoni" ikiwa unazungumzia makao. Ikiwa asili ya mtu inahusika kweli na habari, taja sehemu walikotoka wazazi wake, na ikiwa haihusiki, usiiandike.