SQLite ikigoma katikati ya kitanzi: soma umalize, ndipo uandike

Chukua chama cha msingi huko Mbozi, msimu wa kahawa, kompyuta moja, kumbukumbu zote kwenye faili moja la SQLite, kanzidata ndogo isiyohitaji seva. Karani wa mizani anaingiza kilo. Wakati huohuo skripti ya Python inawapitia wakulima, inatuma SMS na kuweka alama kwenye faili hilohilo kwamba imetumwa. Ghafla karani anaona `database is locked`, yaani kanzidata imefungwa kwa kufuli, na foleni inaanza kunung'unika.

Hatua ya 1. Nakili faili la kanzidata pembeni.

Hatua ya 2. Usizungushe kitanzi (`for`) juu ya `con.execute("SELECT ...")` moja kwa moja. SQLite huchota mstari mmoja mmoja, na kufuli la kusoma haliachiwi mpaka wa mwisho utoke. Chota yote:

`orodha = con.execute("SELECT id, simu FROM mapokezi WHERE imetumwa = 0").fetchall()`

Mistari elfu chache haielemei kompyuta yoyote. Ikiwa mamilioni, soma kwa mafungu ukitumia `id > ?` na `LIMIT`. `OFFSET`, inayoruka idadi fulani ya mistari, achana nayo: uliokwisha kuwawekea alama wanatoka kwenye orodha, wengine wanarukwa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. `UPDATE` ya kwanza tu, Python inafungua muamala (transaction) kimyakimya, na kufuli la kuandika linabaki mpaka `commit()`, agizo la kuyahifadhi mabadiliko. Ukiiweka `commit()` nje ya kitanzi, karani atangoja SMS zote ziishe, na mtandao wetu wa milimani mnaujua. Wengine hukimbilia kuongeza `timeout`, muda wa kungoja kufuli, ambayo kwa kawaida ni sekunde 5. Hiyo ni kumngojesha karani zaidi tu. Tuma kwanza, kisha andika na ukamilishe muamala papo hapo:

```
for id, simu in orodha:
    tuma_sms(simu)
    with con:
        con.execute("UPDATE mapokezi SET imetumwa = 1 WHERE id = ?", (id,))
```

`with con` inafanya `commit()` yenyewe. Umeme ukikatika baada ya kutuma, mkulima mmoja atapata ujumbe mara mbili, heri hivyo. Kama kazi ni hesabu tupu isiyogusa mtandao, kokotoa zote, kisha ziandike zote kwa `executemany` mara moja, ni haraka zaidi.

Bado inagoma? Angalia kama kuna mtu ameacha DB Browser, programu ya kufungulia faili la SQLite, wazi na mabadiliko ambayo hajayahifadhi.

Hatua ya 4. Washa WAL, mtindo wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni: `PRAGMA journal_mode=WAL`, mara moja tu, inabaki kwenye faili. Msomaji na mwandishi hawazuiani tena, ila waandishi wawili bado hupokezana. Faili likiwa kwenye folda ya mtandao wa ofisi, WAL haifai. Hapo mimi sibishani, nahamia PostgreSQL, kanzidata ya seva.