Leseni kwanza, redio baadaye: kwa wana-Mwanza mlio ughaibuni

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, redio ya ridhaa (amateur radio) si simu ya bure ya kumpigia mama Igoma. Anayekujibu naye awe na leseni na alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, mazungumzo hayafichwi kwa msimbo, na biashara ni marufuku. Ni burudani ya kujifunza mawimbi, na mitandao ya simu ikizimika inageuka huduma.

Leseni ichukue huko huko uliko. Marekani hawadai uraia; daraja la kuanzia, Technician, ni maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Ila kuzungumza kwenye 14 MHz, masafa yanayovuka mabara, kunasubiri daraja la General. Uingereza kuna unafuu: hata Foundation, daraja lao la kuanzia, inakuruhusu hapo.

Antena isikutishe. Waya wa mita 10 hivi, uliogawanywa katikati na kuungwa kebo hapo, unatosha kwa 14 MHz. Ukisikia alama inayoanza na 5H, hiyo ni Tanzania. 5Z ni Kenya, 5X Uganda. Daftari la mawasiliano huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa 12 jioni ya Mwanza andika 15:00.

Hili sasa naomba mlishike sana: usidhani leseni ya nje inakuruhusu kurusha mawimbi ukifika likizo. Waandikie TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mapema, kabla hata ya kukata tiketi, na redio usiipakie mpaka wakujibu.

Ukiruhusiwa, panda nayo mlimani. Masafa ya 144 hadi 146 MHz husafiri karibu kwa mstari wa macho, na vilima vya mawe vya Mwanza vinatazama maji yasiyo na kizuizi. Ziwa hili, Victoria, lilimeza meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, kisha kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Wenye redio za ridhaa hawachukui nafasi ya waokoaji; wanachoweza ni kupeleka taarifa iliyonyooka. Basi kaa na vijana wa Mwaloni, Kirumba, uwafundishe mpangilio wake: chombo kiko wapi, kina watu wangapi, kimepatwa na nini, kinahitaji msaada gani. Kisha mtu anyamaze asikilize jibu. Zoezi hilo mnaweza kulifanya kwa mdomo tu, bila redio, hata kibali kikiwa bado hakijatoka.