Leseni ya ukocha kwa mwalimu wa shule Tanga: pa kuanzia na panapokwamisha wengi

Timu nyingi za shule hukabidhiwa mwalimu aliyewahi kucheza enzi zake, au yule aliyenyamaza kikaoni wenzake walipokuwa wakijitetea. Kazi anaiweza, lakini karatasi hana, au anayo isiyo yenyewe. Cheti cha ualimu, hata kama umefundisha Haiba na Michezo miaka kumi, si cheti cha ukocha. Na cheti cha ushiriki, kile cha semina ya siku mbili inayofungwa kwa picha ya pamoja, kinaonyesha tu kwamba ulikuwepo. Leseni hutolewa baada ya kupimwa.

Kwa soka, leseni za CAF (shirikisho la soka la Afrika) zinapanda hivi: D, C, B, A, kisha Pro. Hapa nchini kozi zinasimamiwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na huwezi kuruka ngazi. Kwa timu ya shule, D inatosha kuanzia. Asikudanganye mtu kwamba bila B hujawa kocha. Aliyeko Muheza, Korogwe au Lushoto aanzie chama cha soka cha wilaya yake, ndipo apande kwa chama cha mkoa, TRFA. Jitambulishe mapema na uache namba ya simu. Ukisubiri tangazo lizunguke WhatsApp, mara nyingi utakuta nafasi zimejaa.

Andaa nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, picha ndogo na barua ya mkuu wa shule. Kinachosumbua hapa ni majina. NIDA inasema Athumani, cheti kinasema Athuman. Au jina la babu lipo huku, kule halipo. Nenda kwa wakili ukaapie hati ya majina kabla ya kujaza fomu, maana kurekebisha leseni iliyokwisha kuchapwa ni safari ndefu. Barua nayo iombe ruhusa ya siku nzima kwa muda wote wa kozi. Mwalimu anayechomoka asubuhi kwenda kufundisha kipindi cha pili hukosa nadharia, na jioni uwanjani inaonekana.

Mtihani wa vitendo ndio unaoangusha walimu, na sababu yake inachekesha kidogo: tunaongea mno. Tumezoea ubao. Jizoeze nyumbani na somo la dakika 20 lenye lengo moja tu, tuseme kupokea mpira mwili ukiwa umefunguka, yaani umesimama kiupande ukiona mpira na uwanja ulio mbele. Chukua watoto 12, mipira 6, koni 12, vizibao vya rangi mbili. Maelezo yasizidi nusu dakika. Anza wawili wawili, kisha wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 20 kwa 15, wengine wanne wakisimama pembeni kama ukuta wa kurudishia pasi. Ukipanua eneo kupita kiasi, mkabaji hamfikii mpokeaji, kwa hiyo hakuna tatizo la kutatua na zoezi linakufa. Foleni ya watoto kumi na mpira mmoja ni kosa baya zaidi: kila mmoja anasubiri wenzake tisa ndipo aguse.

Simamisha mchezo pale tu kosa linapohusu lengo lako. Pasi ikipotea kwa sababu nyingine, iache ipite. Unapozungumza nao, wape jua mgongoni. Wewe ndiye ulitazame.

Huduma ya kwanza isome kivyake, hata kozi ikiigusa. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha. Moyo ukisimama, kandamiza kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua cha mtoto. Aliyegongwa kichwa akayumba au kusahau matokeo anatoka, na siku hiyo harudi uwanjani hata kama ni fainali. Miezi ya kaskazi usianze mazoezi kabla ya saa kumi jioni, na maji yapite kila baada ya dakika 15 hadi 20. Jua pia gari lipi litampeleka majeruhi hospitali ya Bombo kabla hujapuliza filimbi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hivyo karibu kikosi chako chote kimo. Timu ya wasichana isisafiri bila mwalimu wa kike.

Wa netiboli waanzie chama chao cha mkoa kilicho chini ya CHANETA, chama cha netiboli cha taifa. Anayetaka kuifanya michezo taaluma kamili, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kipo.

Leseni ikitoka, nakala moja mpe mkuu wa shule na nyingine ofisa michezo wa halmashauri, kabla timu za wilaya za UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) hazijaanza kutafutiwa makocha. Juu ya nakala andika ngazi, namba ya leseni na tarehe inapoisha.